Mkono wa Mchezaji Bora

Mwaka jana mkuu wa chuo aliniita ofisini kwake, akaniketisha, akaniagizia chai, ndipo akaniambia kwamba siku ya kugawa tuzo za mpira wa kikapu ingependeza mtu awaeleze wageni tuzo zenyewe zilitoka wapi. "Nani mwengine kama si wewe, Mwalimu? Wewe ndiwe uliyekuwapo tangu mwanzo." Aliyasema kwa heshima zote, nami nikaelewa kwamba ananiambia nimezeeka. Nikakubali. Siku ilipofika nilisimama nikaeleza maneno ya adabu, watu wakapiga makofi, nikaketi. Hapa nataka kueleza yale yaliyobaki kifuani. Mengi yake ni wivu, kwa hivyo asiyependa kusikia habari za wivu wa mwanamke mtu mzima, na aache sasa hivi.

Chuo chetu kiko nje kidogo ya Msambweni, chuo cha ualimu, na uwanja wetu wa kikapu uko nyuma ya jiko. Haukupangwa kuwa hapo. Fundi alimwaga saruji mahali palipokuwa tambarare, na palipokuwa tambarare ni hapo. Chumvi ya bahari imezila zile pete za chuma mpaka zimekuwa nyembamba, na nyavu zake tunafunga vipande vya jarife kuukuu la wavuvi kwa sababu nyavu za dukani haziishi msimu mmoja. Nimewafunza wasichana kucheza kwenye saruji hiyo tangu nilipokuwa mwalimu mpya, mwembamba, mwenye sauti. Sauti ndiyo imebaki.

Hapo mwanzo tuzo hazikuwapo. Vyuo vya kusini mwa Pwani vilikuwa vikikutana kila mwaka, sisi wa Msambweni, wa Kinango, wa Ukunda na wengineo, timu inayoshinda inapewa mpira mpya na inayoshindwa inapewa soda. Mchezaji bora hakuna aliyemfikiria. Tuzo ya mchezaji bora haikutoka kwa waalimu wala kwa wafadhili, ilitoka jikoni. Mpishi wetu mkuu, ambaye mpaka leo ndiye mpishi wetu mkuu na mpaka leo hajui kwa nini kikapu kimoja kihesabiwe mbili na kingine tatu, alikuwa akitazama mechi akiwa mlangoni na upawa wake mkononi. Mwaka mmoja tuliwashinda wa Kinango kwa msichana mmoja aliyekimbia mpaka akakauka midomo. Mechi ilipokwisha, mpishi aliweka upawa chini, akafungua leso ya kiunoni, akaitandika kwenye saruji mbele ya yule msichana, kama atandikiwavyo bibi harusi. Wapishi wenzake wakafungua zao wakatandika. Ikawa njia ndefu ya rangi kutoka uwanjani hadi mlango wa bwalo.

Msichana akakwama. Angekanyagaje leso nzuri za watu wazima kwa viatu vya mpira? Akasimama ukingoni, akageuza macho akanitazama. Hakuniita. Mtoto aliyelelewa kwetu hamwiti mkubwa wake kwa kumpungia mkono mbele ya watu, wala hatamki jina lake. Anamtazama tu, na mkubwa mwenyewe anaelewa akasimama. Basi niliinuka, nikamwambia avue viatu, nikamshika mkono, tukatembea pamoja mpaka mlangoni, vigelegele juu yetu. Msichana yule analia, mimi nalia, mpishi anatucheka.

Huo ndio mwanzo. Mwaka uliofuata chuo kingine kiliiga, na mwaka wa tatu ikawa ni ada. Mchezaji bora anatandikiwa leso, anavua viatu, anamtazama yule aliyemfunza mpira, naye anakuja kumshika mkono. Kwa hivyo mtu akiniuliza nani aliyeanzisha jambo hili, jibu liko wazi. Alianzisha mpishi, na mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Siku ile ya hotuba nilisema "mwalimu mmoja." Nilijizuia kwa shida.

Baadaye vikombe vikaja. Vya kwanza vilikuwa vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu, vikatoka Mombasa ndani ya boksi la biskuti, na rangi ilibaki mikononi mwa washindi. Kisha ikaja tuzo ya mfungaji bora, kisha ya mlinzi bora, maana wasichana wanaokaba walilalamika kwamba jasho lao halionekani. Walilalamika kwa haki. Mimi mwenyewe maishani nimekaba zaidi kuliko nilivyofunga.

Tuzo ya kocha ndiyo ilikuja kwa njia ya ajabu. Hoteli moja ya Diani ilijitolea kumpa mchezaji bora chakula cha mchana cha watu wawili, mezani, kando ya bwawa la kuogelea. Mshindi mwaka ule alikuwa msichana wa Kinondo. Baba yake akaja chuoni kwao, akasalimu vizuri, akaketi, akasema bintiye haendi kula hotelini pamoja na watalii isipokuwa aandamane na mwanamke mzima wa kuheshimika. Wakamfikiria huyu na yule, mwishowe wakampa kocha wake ile nafasi ya pili. Mwaka uliofuata hoteli ikaona kumbe jambo zuri, ikatangaza chakula kwa mchezaji bora na kocha bora. Hawakufikiri kwamba hao wawili wanaweza kutoka vyuo viwili tofauti. Kwa miaka kadhaa ikawa msichana wa chuo kimoja anaketi kando ya bwawa na kocha wa chuo kingine, hawana la kuzungumza, wanakula kamba na kutazamana. Hoteli ile ilifungwa, lakini tuzo ya kocha ikabaki. Makocha wenyewe ndio tunaopiga kura, na sheria ni moja tu, kwamba hujipigii wewe wala humpigii mchezaji wako.

Kocha yule wa kwanza wa meza ya Diani hakuwa mimi. Wa pili hakuwa mimi. Niliwapigia wenzangu makofi mpaka viganja vikawa na sugu, nikijipa moyo kwamba zamu yangu iko njiani. Ndipo alipokuja mwenzangu.

Namwita mwenzangu kwa sababu sina neno jengine ambalo naweza kuliandika. Wazazi wake ni watu wa bara waliopewa mashamba ya makazi huku kwetu, watu wa kanisa, wachapa kazi, nyanya zao tunanunua sote. Yeye aliajiriwa na chuo cha hoteli pale Ukunda, hatua chache kutoka Kona ya Musa, kufunza michezo. Ni mwanamke mrefu, anavaa tracksuti asubuhi mpaka jioni, filimbi shingoni hata sokoni. Anacheka kwa sauti ya kufunga barabara. Mwaka wake wa kwanza tu akachukua kocha bora.

Sherehe ilikuwa bwaloni kwetu, na hapo ndipo alipofanya kosa. Leso zilitandikwa kwa ajili yake, kwa kuwa siku hizi hata kocha hutandikiwa, ila yeye hutembea peke yake. Mwenzangu akafika ukingoni, akatazama chini, akashtuka. Akainama akaokota leso ya kwanza, akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri na kumrudishia mpishi wetu kwa mikono miwili. Akaokota ya pili. "Pole mama, zitachafuka," akasema. Kwetu, mtu akikuondolea leso uliyomtandikia, amekuambia heshima yako haitaki, na kuna familia zimeacha kusalimiana kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilimwona mpishi amevimba uso, leso yake imekunjwa mkononi kama nguo iliyoanuliwa kambani, na nitasema kweli, roho yangu iliburudika.

Haikuburudika kwa muda mrefu. Mpishi alinigutua kwa kiwiko, akasema, "Mweleze mwenzio, hajui." Nikaenda nikamweleza kwa sauti ya chini maana ya leso zile. Mwenzangu akajifunika mdomo. Akavua viatu, akavua na soksi, akampigia mpishi magoti palepale sakafuni kuomba radhi, na mpishi, ambaye mimi nimekula chakula chake tangu ujana wangu na hajawahi kunikumbatia, akamkumbatia. Leso zikatandikwa upya, na safari hii hata wanawake waliokuwa wageni wakafungua zao. Njia yake ikawa ndefu kuliko ya mtu yeyote kabla yake. Yangu mimi ilikuwa leso ya mwisho, ya maua mekundu, na aliikanyaga polepole kwa huruma kana kwamba ina roho. Wakampenda kuanzia siku ile.

Akachukua tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Sikuwa na pa kumshika. Hana dharau, haringi, anapiga simu kuuliza hali. Tukikutana ananionyesha kwenye simu yake sherehe za vyuo vya Marekani, wachezaji wamevaa suti, makocha wanalia jukwaani. "Mwalimu, cheki hii. Huko tuzo wanaziita jina la kocha. Yaani kocha akishakufa, wanafunzi wanashindania jina lake." Nilimuuliza kama ni lazima afe kwanza. Akacheka mpaka watu wa kibanda cha mahamri wakageuka kututazama. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Tena kuna jambo hili. Yeye anaitwa Kocha. Wachezaji wake, wachezaji wangu, wauza viazi, mkuu wangu wa chuo, wote humwita Kocha. Mimi naitwa Mwalimu. Nimefunza mchezo huu tangu yeye yuko kwenye mbeleko, na sijaitwa Kocha hata siku moja. Mwalimu ni jina la heshima, najua, lakini hata anayefunza hesabu huitwa hivyo hivyo.

Sasa nieleze habari za yule msichana, maana bila yeye haya yote yangekuwa manung'uniko tu.

Ni mtoto wa kaka yake mpishi, kwao ni kule juu Kinango. Mwaka mmoja wa ukame maji yalikuwa yakifuatwa mbali mno, shule zikabaki nusu tupu, na shangazi yake akamleta Msambweni asome huku. Alikuwa darasa la sita na tayari ananifikia bega. Jioni alikuwa akija jikoni kumngojea shangazi yake, anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama mazoezi bila kusema neno. Siku moja mpira ulimfuata. Aliudaka kwa mkono mmoja akaurudisha pale pale ulipotakiwa. Nikasimamisha mazoezi nikamwita.

Nilimfunza kudunda, kupiga pasi, kusimama, kugeuka. Na zaidi ya yote nilimfunza mkono wa kushoto. Hiyo ilikuwa vita. Nilimwambia kila anachofanya nyumbani akifanye kwa kushoto, avute maji kwa kushoto, afagie kwa kushoto, akune nazi kwa kushoto, mpaka shangazi yake akanijia juu uwanjani mbele ya timu nzima. "Sasa wewe wamfunza mtoto wa watu kushoto! Kesho atampa mgeni sahani kwa kushoto, nani atatukanwa, si mimi?" Tukapatana kwamba kula na kupeana ni kulia, mengine yote ni yangu. Ikachukua muda mrefu, lakini ikafika siku akaja mbio kutoka upande wa jikoni, akamzunguka mlinzi, akaupeleka mpira juu kwa kushoto, laini, ukaingia bila kugusa pete. Nilikaa chini kwenye saruji. Nilijua nimepata mtu.

Alipomaliza sekondari nilikuwa nimeshamwandalia nafasi moyoni. Atakuja chuoni kwetu, atacheza kwangu, atakuwa mchezaji bora, atatandikiwa leso, na mimi nitamshika mkono. Sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Niliona ni jambo lisilohitaji kusemwa.

Akaja nyumbani kwangu Jumamosi asubuhi, amevaa vizuri, na mfuko wa maembe. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Karibu." Akaketi ukingoni mwa kiti. Akaniambia kwamba chuo cha hoteli cha Ukunda kimempa ufadhili, kwa sababu ya mpira, na yeye mapishi anayapenda kwa shangazi yake, ualimu hauwezi. Akasema amekuja kuniaga na kutaka radhi zangu. Nikamwambia radhi ninazo tele, aende, Mwenyezi Mungu amjaalie. Nilimsindikiza mpaka njiani. Niliporudi ndani nilimenya embe moja nikalitupa, halikuwa na kosa lolote.

Akaanza kucheza kwa mwenzangu. Na watu wakaanza kusema. Walisema Kocha ametoa mchezaji, Kocha ana jicho. Na siku moja pale Kona ya Musa, nikiwa nanunua vitunguu, nikamsikia kijana anamwambia mwenzake, "Umeona ile left ya yule msichana? Kocha amemfunza vile inafaa." Kocha amemfunza! Nusura nimgeukie nimweleze habari za nazi na za ndoo. Yalinikata maini maneno yale, nikaondoka nimesahau chenji.

Sikwenda kumtazama akicheza. Watu wa Msambweni walikodi gari kwenda Ukunda kushangilia mechi zake, mpishi wetu akiongoza, nami kila mara nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilimwona pale tu timu zetu zilipokutana. Mechi ikiisha, alikuwa akivuka uwanja kunijia, ananyoosha mkono wa kulia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa adabu ile ile. Namwitikia. Kisha anarudi mbio kwa wenzake, na namsikia anaita, "Kocha! Kocha, uliona?" Mimi pia nilikuwa nimeona.

Mwaka jana kila mtu alijua kwamba tuzo ya mchezaji bora ni yake. Nilimpigia kura, sheria ilikuwa ikiniruhusu. Na sherehe ilikuwa kwetu, kwenye bwalo letu, mbele ya watu wetu. Na nilivyowaza ni hivi. Chuo ni cha mwenzangu, jezi ni ya mwenzangu, vikombe ni vyake. Lakini ada ni ada. Anayeshika mkono ni aliyekufunza mpira, na Msambweni nzima inamjua aliyemfunza mtoto huyu. Mwaka huo sikutaka kikombe. Nilitaka mkono tu.

Nilishona gauni. Nilipaka hina mpaka kwenye vifundo vya mikono, jambo ambalo sijalifanya tangu harusi ya mdogo wangu. Mpishi aliponiona asubuhi aliweka sufuria chini. "He! Yuaolewa nani leo?" Nikamwambia mkono utaonekana na watu, uwe safi. Akanitazama kidogo, akacheka, akasema, "Haya, bi somo," kana kwamba mimi ndiye kungwi wa bibi harusi. Alielewa. Yeye pia alikuwa akiingoja siku ile, ni mtoto wa kaka yake.

Nikatoa hotuba yangu ya historia. Nikaeleza leso na nikaeleza mkono, vizuri, kwa kirefu, ili hata watu wa bara waliokuwa viti vya nyuma wafahamu kitakachofuata. Nikarudi kuketi mstari wa mbele, kiti cha pembeni, mahali ambapo mtu anaweza kuinuka bila kumsumbua mwenzake. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa bwalo, na tracksuti yake mpya.

Jina likatajwa. Bwalo likalipuka. Wanawake wakafungua leso, mpishi wa kwanza, njia ikanyooka kutoka mlangoni mpaka mezani penye vikombe. Msichana akaingia. Amekuwa mwanamke mzuri, kichwa juu, kikoi begani. Akafika ukingoni, akainama akavua viatu, akaviweka pembeni sambamba kama alivyofunzwa kwao. Nikaweka mkoba wangu sakafuni.

Na hapo, kabla ya kuinuka, nikageuka kumtazama mwenzangu. Kidogo tu. Miaka yote ile nilikuwa nimeutazama uso wake ukipongezwa, nilitaka mara moja niuone wakati ambapo anayeitwa si yeye. Nilitaka nione kama naye huwa anameza mate. Hakuwa anameza chochote. Alikuwa amesimama anapiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu, machozi yanamtiririka, anafurahi kama mtu aliyezaa. Nikaendelea kumtazama, nikingoja. Nikaona makofi yake yanapungua. Nikaona anakunja uso, anatazama kule kwenye leso, anatazama huku na huku. Kisha akavua viatu haraka haraka, akaanza kutembea.

Nilipogeuza kichwa, msichana alikuwa ameinamisha uso anatazama vidole vya miguu yake, peke yake pale ukingoni, na bwalo limeanza kunong'ona. Mwenzangu akamfikia akamshika mkono, ule wa kushoto. Wakatembea.

Nilikuwa nimeshainuka nusu. Nikajifanya nanyoosha gauni, nikaketi. Vigelegele vilikuwa vingi lakini cha mpishi sikukisikia. Nilipomtafuta kwa macho alikuwa amesimama kando ya ukuta ananitazama mimi, si wao, na uso wake ulikuwa unauliza.

Siwezi kueleza vizuri yaliyofuata kwa sababu sikuwa nayasikia. Mfungaji bora alitajwa, mlinzi bora alitajwa. Kisha jirani yangu akaanza kunipiga piga bega, na watu wote wamegeuka, na niliona mkuu wa chuo anacheka meno yote nje. Kocha bora nilikuwa mimi. Baada ya miaka yote ile, walinipa siku hiyo. Baadaye niliambiwa wenzangu wote walinipigia kura, na aliyewazungukia mmoja mmoja kuwaomba alikuwa mwenzangu, akisema kwamba haiwezekani mtu aliyeanza jambo hili astaafu bila kupewa.

Nikavua viatu, nikatembea juu ya leso. Kocha hutembea peke yake, nimeshasema. Zilikuwa leso nyingi na laini, watu walikuwa wakilitaja jina langu, na wengine, kwa mara ya kwanza, walikuwa wakipiga kelele, "Kocha! Kocha!" Ningelipa chochote siku nyingine yoyote kuisikia sauti ile. Macho yangu yalikuwa kwenye mstari wa washindi, mahali ambapo mwenzangu na msichana walikuwa bado wamesimama bega kwa bega, na mikono yao haijaachana. Nilikipokea kikombe kwa mkono wenye hina. Nilimwonea kijicho mtu aliyekuwa amenipa alichokuwa nacho chote.

Mwenzangu akanikumbatia, karibu aniangushe. Akaninong'oneza, "Mwalimu, si umekasirika? Niliona mtoto amesimama tu, hakuna mtu anaenda, nikashindwa kuvumilia. Aki sikujua kama nimeharibu." Nikamwambia hakuharibu kitu. Na kweli hakuharibu.

Watu walipoanza kula pilau nilitoka nje nikaenda kwenye bomba la nyuma ya jiko, kujimwagia maji usoni. Nilisikia nyayo kwenye saruji. Alikuwa yule msichana, viatu mkononi, kikombe chake kimebebwa kwapani kama mpira.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Na wewe hongera." Akasimama hapo, anahamisha uzito mguu mmoja hadi mwengine, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na ana neno. Nikafunga bomba.

"Mwalimu, nilikutazama," akasema. "Nilipofika kwenye leso. Nilikutazama sana. Wewe ukageuza uso, ukatazama kule. Nikakungoja, hukurudi kunitazama. Basi nikasema labda hutaki, kwa vile nilikwenda kule."

Maji yalikuwa yananidondoka kidevuni. Ningemwambia nilikuwa natazama nini? Nikamwambia kwamba gauni langu lilikuwa limenasa kwenye msumari wa kiti, nilikuwa nahangaika nalo, sikumwona.

Alilitazama gauni. Lilikuwa jipya, halina hata uzi uliofumuka. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa adabu, kana kwamba ameamini.